Dari Si Chekeche

Leo sina pishi wala sina mtindo wa mtandio. Leo nataka tugombane kidogo, kwa mapenzi tu, juu ya kitu kinachotutazama kutoka juu kila usiku: hizi taa za kutobolea dari, daunilaiti, au "spoti" kama mafundi wetu wanavyoziita.

Nenda Tunguu, nenda Fumba, nenda Mwera, ingia nyumba yoyote iliyomalizwa juzi. Hujavua viatu utaziona. Ukumbini kumi na sita, ukoridoni sita, chumba cha wageni nane, jikoni nane, na choo ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili nacho kina nne. Zote zimepangwa mistari kama askari wa gwaride, zote nyeupe pepepe, na za kila chumba ziko kwenye swichi moja. Bonyeza, na ukumbi wako unageuka chumba cha upasuaji. Wageni wanasema mashaallah, mwenye nyumba anatabasamu, na baada ya mwezi mmoja familia nzima inakaa gizani na mwanga wa televisheni kwa sababu hakuna anayeweza kuzivumilia.

Nani aliyetwambia kwamba nyumba mpya lazima dari yake iwe chekeche?

Mafundi umeme wetu wengi hulipwa kwa pointi. Kila taa ni pointi, kila swichi ni pointi. Simlaumu fundi, ana watoto wa kulisha, lakini usitegemee mtu anayelipwa kwa kila tundu akwambie matundu yamezidi. Fundi wa jipsamu naye anataka kazi yake ionekane. Bwana ameleta picha kwenye simu, ukumbi wa hoteli ya Dubai au nyumba ya jamaa yake Muscat, nyumba ya kiyoyozi mchana na usiku. Wanaume watatu wanasimama chini ya kenchi, wanakubaliana, na mama mwenye nyumba anaitwa mwisho kabisa kuulizwa rangi ya mapazia. Yule atakayekaa chini ya zile taa kuanzia magharibi mpaka watoto walale ndiye asiyeulizwa. Na tusidanganyane, mara nyingi pesa za umaliziaji zina mkono wake humo: upatu wake, bangili zake alizouza, biashara yake ya vitumbua.

Sasa tuzungumze taa yenyewe, maana ukijua inavyofanya kazi hutahitaji mtu akuamulie.

Daunilaiti ni taa iliyofichwa ndani ya tundu, inamwaga mwanga wake chini moja kwa moja kama maji ya bomba. Inachoangaza ni sakafu. Ukuta wa juu na pembe za chumba zinabaki na kiza, na uso wa mtu aliyekaa chini yake unatiwa vivuli chini ya macho na chini ya pua. Ndiyo maana bibi harusi aliyepambwa vizuri anatoka kwenye picha za nyumbani kama mtu aliyeugua. Taa hii ni bingwa wa kuelekezwa kwenye kitu kimoja kinachotakiwa kuonekana: mkufu kwenye duka la dhahabu, picha ukutani, meza ya mapokezi. Dhahabu inang'aa chini yake kwa sababu dhahabu haina macho ya kuumia.

Sisi tuna macho, na sisi hutazama dari kuliko mnavyofikiri. Mzazi aliyelala siku zake arubaini anatazama dari. Mtoto mchanga, kazi yake ni kulala chali akitazama dari. Mtu mwenye homa anatazama dari. Bibi mwenye mtoto wa jicho anahitaji mwanga wa kutosha, lakini mwanga mkali unaompiga moja kwa moja unatawanyika ndani ya jicho lake lenye ukungu na anaona kidogo zaidi. Kisha tunashangaa kwa nini bibi hataki kukaa ukumbini mpya, anapendelea kibarazani.

Halafu kuna feni. Hili halionekani kwenye picha za Dubai, lakini sisi kisiwani bila feni hatulali. Feni ya kawaida ya inchi 56 ina mapanga yanayofika kama sentimita 70 kutoka katikati ya chumba. Fundi akiweka taa juu ya mapanga hayo au karibu nayo, kila panga linakata mwanga linapopita, na chumba kizima kinapepesa. Jaribu kusoma Qur'ani au kushona tundu la kifungo chini ya mwanga unaopepesa. Kichwa kitakuuma na utadhani ni presha. Dawa yake ni kalamu tu kwenye mchoro: piga duara la feni kwanza, kisha taa zote zikae mbali nje ya duara hilo. Siku dari ikishatobolewa, dawa hiyo haipo tena.

Na rangi ya mwanga, jamani! Kila taa ina namba kwenye boksi lake, inaishia na herufi K. 2700 au 3000 ni mwanga wa njano wa upole, unaokaribia wa zile globu za zamani. 4000 uko kati na kati. 6500 ndiyo ule mweupe wenye buluu, na ndio uliojaa madukani. Watu wanaamini kwamba mweupe zaidi ndiyo mwanga zaidi. Sivyo. Namba hiyo ni ya rangi tu, wingi wa mwanga unaandikwa kwa lumeni. Mwanga wenye buluu nyingi usiku huchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Kwa hiyo yule mtoto wako ambaye saa nne usiku bado anaruka juu ya makochi, na kesho skuli, usimwite mkorofi kabla hujaangalia juu. Vyumbani na ukumbini chukua 3000. Jikoni na mahala pa kushonea 4000 inatosha. 6500 mwachie mwenye duka la simu.

Ukiwa na boksi mkononi tafuta pia herufi CRI au Ra. Ikiwa 90 na zaidi, rangi ya khanga utakayoiona usiku itakaribia ile utakayoiona asubuhi. Chini ya 80 usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Nitaambiwa taa za LED hazili umeme. Kweli, na sitaki kutia chumvi. Zile taa 42 nilizohesabu mwanzo, tuseme kila moja wati 9, zote pamoja ni wati 378. Zikiwaka saa tano kila usiku ni chini kidogo ya uniti mbili kwa siku. Hazitakumaliza Tukuza. Lakini kuwasha vitu 42 ili watu watano waone chakula ni israfu hata kama ni rahisi. Wala mimi si wa kukufundisha dini yako inasema nini juu ya israfu, au kwamba tumeelekezwa kuzima taa wakati wa kulala.

Hasara ya kweli inakuja pale zinapokufa. Wengi wanadhani taa ya LED hufa kwa kuungua globu. Mara nyingi kinachokufa ni draiva, kile kiboksi kidogo kilicholala juu ya jipsamu. Na hebu fikiria kinakolala: kati ya jipsamu na bati la mwezi wa pili, joto la kukausha dagaa, umeme unapanda na kushuka, hewa ya chumvi inakula springi mpaka kutu inachora duara la kahawia kwenye dari nyeupe. Inakufa ya kwanza mwaka wa pili. Unakwenda dukani, aina ile haipo tena. Ulikuwa na tundu la milimita 90, iliyopo ni ya milimita 75, inaanguka. Tundu huongezwa, mwenzangu, halipunguzwi. Basi unanunua kubwa zaidi, fundi anachana dari tena, na sasa una kumi na tano za aina moja na moja yenye sura yake. Mwaka wa nne ukumbi wako una taa za makabila matatu.

Ukilazimika kuziweka, chukua zile ambazo ni fremu tupu ndani yake unachomeka globu ya GU10, ile yenye miguu miwili mifupi minene. Globu ikifa unazungusha, unatoa, unatia nyingine, bila fundi na bila kungoja bwana arudi safari. Muuzaji atakwambia hizo za zamani. Mwambie asante.

Liko jambo jingine ambalo wanaume hawalifikirii, na si kosa lao, hawavai buibui. Nyumba za sasa zina madirisha makubwa ya vioo. Mchana kioo kinakusitiri, anayepita haoni ndani. Usiku mambo yanageuka: ndani kweupe, nje kiza, nawe umekuwa samaki ndani ya chupa. Taa kumi na sita za darini juu ya kioo kipana ni kumwalika mtaa mzima. Taa moja ya pembeni yenye kofia, imewekwa chini ya kimo cha dirisha, pazia jepesi mbele yake, na unasitirika zaidi bila kufunga madirisha na kufa kwa joto. Wazee wetu wa Mji Mkongwe na kuta zao nene na madirisha yao ya mbao walilijua hilo bila kusoma uchoraji wa majengo.

Tena tusijifanye hatujui mwanga mdogo unaweza nini. Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima Mei na Juni 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Taabu tuliyoiona kwa maji na kwa vyakula kuoza sitaki hata kuikumbuka, na simwombei mtu kandili na moshi wake. Lakini watoto walisoma kwa taa moja iliyowekwa chini, karibu na daftari, kwa sababu mwanga ulikuwa pale penye kazi. Leo mtoto huyohuyo, mtu mzima, anatoboa matundu 16 darini na mwanawe anasoma ndani ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe.

Kwa hiyo ukumbini: taa moja au mbili za ukutani zinazopiga mwanga juu ili dari irudishe ule mwanga kwa upole, na taa ya kusimama karibu na kochi la kusomea. Ukitaka daunilaiti weka nne, karibu na kuta, sentimita 60 hadi 90 kutoka ukutani, ziangaze ukuta wenyewe. Chumba cha kulala, hata moja isiwe juu ya kitanda. Hata moja. Taa ya kila upande wa kitanda, kila moja na swichi yake, ili anayeamka kwa tahajudi au kunyonyesha asimulike mwenziwe.

Jikoni ndiko ninakozikubali, tena kwa furaha, maana kisu na kidole vinahitaji mwanga. Ila angalia zinakaa wapi. Fundi huzipanga katikati ya chumba, nawe ukisimama kwenye meza ya kukatia mgongo wako unaziba mwanga wote, unakata vitunguu ndani ya kivuli chako. Ziletwe juu ya ukingo wa mbele wa ile meza, kama sentimita 60 kutoka ukutani. Kama una makabati ya juu, utepe wa taa chini ya kabati unashinda daunilaiti zote nane. Ukoridoni na barazani pia zinafaa, mbili au tatu. Chooni moja inatosha, lakini juu ya bomba la kuogea iwe yenye alama ya IP65, isiyoingiza maji. Hapo usibane pesa.

Na swichi. Hata kama nimekushindwa kwenye idadi, usikubali kwenye swichi. Kila chumba kiwe na laini mbili kwa uchache. Ramadhani inakuja, daku ni saa kumi usiku, na hakuna sababu ya kuamsha watoto wa miaka mitatu ili wewe upashe uji.

Nitaambiwa pia kwamba nachochea wanawake kubishana na waume zao juu ya ujenzi. Kumuuliza mke taa iwe wapi si kumpokonya mtu uongozi wa nyumba. Ni sawa na kumuuliza mpishi jiko liwe wapi.

Aliye na nyumba iliyopauliwa na bado haijapigwa plasta, huu ndio wakati, maana paipu za waya zinachimbiwa ukutani kabla ya plasta. Nenda saiti magharibi, si asubuhi. Chukua chaki. Simama mahala pa kochi, mahala pa kitanda, mahala pa meza ya kukatia, mahala utakapotandika msala, na chora msalaba ukutani au sakafuni kila unapotaka mwanga. Mwambie fundi ahesabu pointi zake kwa misalaba hiyo, na mlipe vizuri kwa kila moja. Kisha nunua globu nne za akiba za aina ileile siku ileile, uziandike tarehe, uzitie kwenye kabati la mashuka.