Bangi ikiruhusiwa, nani atapata franka?



Katika mukutano wetu wa mwisho, kijana mumoja alisimama, akasema: "Papa prezida, muchele wetu unalala depo juu njia ni mubaya. Kule Rwanda walishafungua bangi. Na sisi serikali ituruhusu, tulime, tupate franka." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ni ulizo la kweli na linastahili jibu.

Tuanze na Rwanda. Ni kweli, mwaka 2021 waliruhusu kulima bangi, lakini ni ya kutengeneza dawa na kuuzwa inchi za inje tu. Mwenye kulima anapaswa kuwa na kibali cha serikali, azungushe shamba waya mara mbili, aweke kamera na walinzi muchana na usiku. Kuvuta bangi kule bado ni kosa. Sasa tujiulize: kati yetu wenye jembe na panga, nani atanunua kamera? Wenye kampuni ndio watapata, sisi tutabaki vibarua.

Wengine wanasema: basi iruhusiwe kabisa, hata ya kuvuta. Hapo pia tuhesabu. Bangi iko na bei kwa sababu imekatazwa. Munuzi analipia hatari. Siku hatari itaondoka, kila mutu atalima, na bei itaanguka kama bei ya muhogo wakati wa mavuno. Faida itapungua, lakini watoto wenye kuvuta hawatapungua. Waganga wanajua kwamba kijana anayeanza mapema na kuvuta kila siku anaweza kuharibika akili. Na shamba linahitaji mikono yake.

Je, ninataka vijana wafungwe? Hapana. Lutuku ilikatazwa tangu wakati wa Wabelgiji, lakini sisi wote tunajua mahali inauzwa. Karatasi peke yake haizuie mutu. Kijana akikamatwa na kipande cha bangi, jamaa inauza mbuzi ili atoke, na akitoka anavuta tena. Mbuzi imeenda, ugonjwa umebaki. Kule Afrika ya Kusini, mwaka 2018, Korti ya Katiba iliamua kwamba mutu muzima anayevuta nyumbani mwake asihesabiwe muhalifu, lakini kuuza kulibaki kosa. Mimi naona njia hiyo iko na akili: muvutaji asaidiwe kuacha, biashara ibaki imefungwa.

Kwetu sisi, napendekeza mambo mawili. Kwanza, tuandike katika kanuni zetu: hakuna bangi katikati ya mihogo ya shamba la pamoja. Ikipatikana, hatasumbuliwa mumoja tu. Depo na mikopo yetu pia vitaingia hatarini. Pili, memba ambaye mutoto wake anavuta asifukuzwe wala asisengenywe. Tumusindikize mutoto kwenye kituo cha afya.

Lakini yule kijana hatujamujibu bado juu ya muchele, na hapo ana haki. Mupunga ulifika huku Maniema na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, na unatulisha mpaka leo. Haukushindwa shambani, unashindwa njiani. Kama tuna sauti ya kupaza kwa serikali, tuipaze juu ya barabara na reli. Hata bangi ikifunguliwa kesho, itapita barabara ile ile.