Ramani na Takwimu si za Wanajiografia Pekee

Miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili kuna dhana iliyokita mizizi kwamba maktaba ni rafu za riwaya, tamthilia na diwani, na kwamba huduma za ramani na data ni za wanajiografia na wanauchumi. Dhana hii haina budi kukosolewa, kwani inaudhuru utafiti wetu wenyewe.

Tuchukue mfano wa sensa. Katika matokeo ya sensa ya mwaka 2009, Waswahili wa Kenya walikuwa 110,614. Katika yale ya mwaka 2019, idadi iliyoandikwa mbele ya jina lilo hilo ni 56,074. Mtafiti aliyeketi peke yake mbele ya tarakilishi atashawishika kudai kwamba jamii hii imepungua kwa takriban nusu katika miaka kumi, kisha atangaze kifo cha lahaja za pwani. Dai hilo litapotosha. Mwaka 2009 Wabajuni walijumuishwa katika kundi la Waswahili. Mwaka 2019 waliorodheshwa kando, wakiwa 91,422. Kilichobadilika hasa ni mpangilio wa jedwali. Isitoshe, takwimu hizo ni za kabila, wala si za wasemaji wa lugha.

Yupo atakayesema kwamba siku hizi data zote zinapatikana mtandaoni, hivyo mkutubi ni wa nini? Majedwali hayo ya sensa yanapatikana mtandaoni pia, na bado yanaweza kumpoteza msomaji. Kazi ya mkutubi wa data si kukabidhi tarakimu tu, bali ni kumwonyesha mtafiti zilivyokusanywa, makundi yalivyogawanywa, na ni zipi zisizoweza kulinganishwa.

Ramani nazo zina manufaa yayo hayo. Masimulizi ya Fumo Liyongo yamefungamana na Pate na eneo la mto Ozi. Anayesoma kisa cha kutoroka kwake kifungoni bila ya kutazama ramani hatambui kwamba Pate ni kisiwa, na kwamba kati yake na misitu ya bara pana maji ya kuvukwa. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Vijiji na hori huonekana kwa majina yake. Fauka ya hayo, mtafiti wa Kiamu, Kipate au Kitikuu aweza kuchora, kijiji hadi kijiji, mipaka ya matumizi ya neno alilolikusanya. Programu ya QGIS, isiyolipiwa hata senti, inatosha kwa kazi hiyo, mradi awepo wa kumfunza.

Kwa mintarafu hii, nina mapendekezo matatu. Kwanza, maktaba za vyuo vyetu ziwaalike wanafunzi wa lugha na fasihi katika mafunzo ya ramani na data, badala ya kuyaelekeza kwa idara za sayansi tu. Pili, miongozo ya huduma hizo iandikwe kwa Kiswahili pia. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Haielekei kiwe lugha ya kutafitiwa maktabani bila ya kuwa lugha ya kuhudumia watafiti. Kazi ya kuunda istilahi zinazohitajika ni yetu, nasi tusiikwepe. Tatu, idara zetu zimtake kila mtahiniwa wa uzamili anayetumia takwimu au majina ya mahali aonane na mkutubi kabla ya kuwasilisha pendekezo lake la utafiti.

Tasnifu yenye tarakimu isiyoeleweka hudumu rafuni, na atakayekuja baadaye huinukuu kama ushahidi. Hivyo ndivyo jamii nzima inavyoweza kupunguzwa kwa kalamu ya mwanafunzi mmoja. Kuuliza si ujinga. Tubisheni hodi mapema.