Udongo wa chai na udongo wa mahindi yetu

Kila mwaka baada ya mavuno malalamiko ni yale yale: tumenunua mbolea ya mfuko kwa bei kali, tumepanda mbegu nzuri, lakini mahindi yamebaki mafupi na maharagi yamegeuka manjano. Tunasema udongo umechoka. Wiki hii tuangalie kwanza udongo wa chai, maana uchovu huo unaonekana wazi zaidi huko.

Nchini Kenya chai ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920. Kwetu Kongo inalimwa Kivu. Mchai haung'olewi kila mwaka kama mahindi. Unakaa mahali pamoja miaka 50 na zaidi, na majani yake yanachumwa kila wiki moja au mbili. Kila mzigo wa majani unaondoka na chakula cha udongo, hasa nitrojeni. Ili kukirudisha, wakulima wanaweka mbolea yenye amonia. Vijidudu vya udongo vinageuza amonia kuwa nitrati, na kazi hiyo inaacha asidi. (Hapa Fungurume neno asidi linatukumbusha malori ya barabara ya Kolwezi. Hii ni ndogo sana kuliko ile, lakini inajikusanya kidogo kidogo.) Mvua nayo inasomba kalsiamu ambayo ingeipoza asidi hiyo.

Kipimo chake kinaitwa pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu. Chai inapenda 4,5 hadi 5,5, lakini shamba la zamani linaweza kushuka chini ya 4. Hapo aluminiamu iliyolala udongoni inayeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Chai inaivumilia, hata inaiweka ndani ya majani yake. Mahindi na maharagi hayawezi. Kwa hiyo anayeng'oa chai ya zamani ili apande chakula anakuta shamba halimkubali. Tuseme pia ukweli kwamba chai inafunika ardhi vizuri, mvua haiichukui ovyo kama kwenye mashamba yetu yaliyochomwa moto.

Sasa turudi kwetu. Udongo mwekundu wa Lualaba ni mchachu tangu asili. Tukipanda mahindi juu ya mahindi, na kila mwaka tukitia urea peke yake, tunatembea njia ile ile ya chai, ila bukari yetu haina uvumilivu wa chai. Kuongeza urea si dawa ya ugonjwa huo.

Dawa ni chokaa ya shamba, yaani jiwe la chokaa lililosagwa. Jiwe hilo linachimbwa Kakontwe, Likasi, si mbali. Msichukue chokaa iliyochomwa ya wajenzi, inaunguza ngozi na macho. Kikundi kikichanga pamoja, usafiri unakuwa nafuu. Imwagwe na kuchanganywa na udongo mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Mabua tusiyachome, yaoze shambani. Kwa bustani ndogo ya lengalenga, majivu ya makala na mavi ya kuku yanatosha kuanzia. Majivu na urea visiwekwe siku moja: vikikutana, nitrojeni inapaa hewani, na pesa ya mfuko inaenda nayo. Kati yao acheni wiki mbili au tatu.