Intavyuu ya Saluni: Acha Kuzuga!

Wiki hii nina neno na mabinti, na wavulana pia maana siku hizi nao wamo kwenye fani, mliotoka chuo cha urembo na cheti bado kinanukia wino. Najua mnapanda basi kwenda Kahama, Katoro au Geita mjini, kwa sababu mmesikia kwamba duara likitema, mshiko unamiminika hadi saluni. Kweli unamiminika. Lakini kabla haujakufikia, kuna intavyuu.

Intavyuu ya saluni haina meza wala faili. Bosi anatupia cheti jicho moja, anakukabidhi kitana na kukuonyesha kichwa cha mteja. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kuna anayefika na kucha ndefu kama anakwenda kugombea taji. Hizo kucha zitamwosha nani kichwa? Mwingine anaingia kwa mapozi, hasalimii. Mama wa Kisukuma amekaa kwenye benchi, yeye anampita kama kiti. Mdogo wangu, "shikamoo" haiuzwi, na "mwangaluka" ya asubuhi haiuzwi pia. Mama huyo anaweza kuwa ndiye mwenye saluni.

Hayo yanasameheka. Lisilosameheka ni kuzuga. "Unajua kuweka dawa?" Ndiyo. "Rangi?" Ndiyo. "Pedikyua?" Ndiyo, zote! Bosi mzoefu akisikia ndiyo tatu mfululizo anaanza kuogopa. Atakutega: mteja ana kidonda kichwani, jioni ana harusi, anataka dawa leoleo. Utafanyaje? Ukisema utapaka mafuta juu ya kidonda uendelee, umekwisha. Dawa nyingine za kunyoosha nywele zina kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Ikikuta ngozi imechubuka, inaunguza. Dawa haiwekwi mpaka kidonda kipone, basi, leo mtafutie mtindo mwingine. Na rangi je? Inajaribiwa kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla, kuona kama ngozi inaikataa. Pedikyua kama uliigusa mara moja tu darasani, sema hivyohivyo: "Nimefundishwa ila mkono bado mzito, nikisimamiwa nitaweza." Mwenye saluni anatafuta mtu wa kumwachia kichwa cha mteja yeye akienda benki. Mwongo hawezi kumwachia.

Mtego mbaya zaidi ni ule wa kuulizwa kama unajua kukoroga mkorogo, eti wateja wanautaka. Mabinti wanajisifu hapa wakidhani ni ujuzi! Krimu za kujichubua zimekuwa zikikutwa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Na zebaki watu wa Geita hawahitaji kuhadithiwa, ndiyo hiyohiyo wachimbaji wadogo wanayokamatishia dhahabu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na wa kuishika kila siku kwa mikono mitupu ni wewe, si bosi. Sema hukorogi. Ukikosa kazi kwa jibu hilo, vuka barabara uulize saluni ya pili.

Na yule bosi anayetaka intavyuu ifanyike gesti saa tatu usiku? Mwambie vitana vyako haviendi gesti. Saluni ina mlango, na asubuhi unafunguliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza unyanyasaji wa kijinsia, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Halafu pesa. Aibu ya kuuliza inawaliza wengi mwisho wa mwezi. Uliza siku hiyohiyo: ni mshahara, au nalipwa kwa kichwa? Asilimia ngapi? Dawa na rasta zinakatwa kwenye fungu langu au la saluni? Siku wateja hawajaja, nauli ya nani? Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo usione haya kuomba. Hata ukurasa wa daftari unafaa, ilimradi una saini zenu wote wawili, na nakala ukae nayo wewe.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, ni zamu ya wenye saluni. Nao wana yao!