MPIRA WA PETROLI SI MPIRA WO WOTE



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, likizo na nyumba. Leo twataka kuandika juu ya kitu ambacho unene wake haupiti kidole: mpira na paipu zinazochukua petroli kutoka tangi hadi injini katika magari ya zamani. Huenda wengine wakasema, "Hayo ni mambo ya gereji, chama yanakihusu nini?" Twajibu kwamba yanakihusu sana, maana wanaokaa juu ya paipu hizo ni sisi.

Wengi wetu tunaofanya kazi ya reli Nairobi tuna nyumba zetu Tala, na Tala haina reli. Tukitoka kazini twashika njia ya Kangundo, twapita Ruai, Kamulu na Joska, safari ya zaidi ya kilomita 50. Tukifika sokoni, mizigo yetu ya mahindi, saruji na mabati huchukuliwa na pikapu kuukuu: Peugeot 504, Datsun, Toyota Hilux, na Land Rover ambazo zina umri kuliko madereva wake. Hatuzidharau gari hizo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na baadaye ikawa matatu ya wazee wetu. Chuma chake ni kizuri hata leo. Lakini mpira hauzeeki kama chuma. Chuma hukaa miaka 50. Mpira hukauka, hupasuka, nao haupigi kelele.

Maoni yetu ni haya: mpira wa petroli na viungo vyake vichaguliwe kwa kazi yake na kwa presha yake, si kwa bei yake, na dereva asilazimishwe kuendesha gari lililofungwa mpira usiofaa.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kwa sababu ya breki. Katika reli za dunia kuna breki za namna mbili. Breki ya vakyumu hunyonya hewa, kwa hiyo mpira wake lazima uwe na nguvu ya kutonywea. Breki ya hewa husukuma hewa, kwa hiyo mpira wake lazima uwe na nguvu ya kutopasuka. Ukiitazama kwa mbali, mipira hiyo miwili yafanana. Lakini hakuna fundi wa karakana atakayethubutu kuweka mmoja mahali pa mwingine kwa kuwa tu unaingia. Twauliza: kwa nini jambo lisiloruhusiwa katika behewa la mahindi liruhusiwe katika gari la watu?

Kwanza, tutazame mambo yaliyobadilika. Gari la zamani lilitengenezwa kwa petroli ya zamani. Tangu mwaka 1983 hadi 1993 Kenya ilichanganya petroli na spiriti iliyotoka Muhoroni katika nchi ya miwa, na spiriti hula mipira mingi ya kale. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu, mchanganyiko ukabadilika tena. Mwaka 2015 dizeli nayo ikapunguzwa salfa, na sili kuukuu za pampu za dizeli zaweza kunywea na kuvuja mafuta yakibadilika hivyo. Tena wako watu wabaya wanaochanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli. Ndiyo maana mwaka 2018 Serikali iliweka kodi ya shilingi 18 kwa lita moja ya mafuta ya taa ili kuwazuia. Kwa hiyo fundi anayesema, "Gari hili lilitoka kiwandani na mpira wa namna hii," husema kweli, lakini petroli ya kiwandani siku zile siyo hii.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Siku hizi watu hutoa injini ya zamani yenye kabureta, wakaweka injini ya Toyota yenye injekta iliyotoka Japani. Gari hupata nguvu, na tajiri hufurahi. Lakini pampu ya kabureta husukuma petroli kwa presha ya pauni 3 hadi 6 tu kwa inchi mraba. Pampu ya injekta husukuma kwa pauni 40 na zaidi. Ukiacha mpira ule ule wa kabureta, ni kama kumtwika mtoto gunia la mtu mzima. Atasimama kidogo, kisha ataanguka. Na mpira wa injekta ukipasuka haudondoshi; hurusha petroli kama bomba la dawa ya kahawa, juu ya injini iliyo moto.

Ndugu, petroli yenyewe siyo inayoshika moto kwanza, ila mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hutafuta cheche. Wakazi wa Nairobi hawajasahau Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilipovuja kutoka bomba kuu ikaingia mtaroni, ikashika moto, wakafa watu zaidi ya 100. Bomba lile lilikuwa kubwa na hili letu ni dogo, lakini petroli ni ile ile.

Basi mtu achague vipi? Twaeleza kwa maneno mepesi, ili hata asiye fundi ajue la kuuliza.

Mpira wa kweli wa petroli umeandikwa mgongoni. Ukiona SAE 30R7, huo ni wa kabureta na wa presha ndogo, usiozidi pauni 50. Ukiona SAE 30R9, huo ni wa injekta, na hustahimili pauni 100. Mpira unaolala ndani ya tangi, ukizama katika petroli, ni mwingine tena, 30R10. Maana mpira wa kawaida umekingwa ndani tu, ngozi yake ya nje haikufanywa kuogelea. Magari ya Ulaya hutumia maandishi ya DIN 73379. Mpira usio na maandishi yo yote ni yatima, usiulete katika gari. Na hata wenye maandishi, kata ncha utazame: lazima uone tabaka la uzi katikati ya ndani na nje.

Mpira wa maji usitumike. Mpira wa gesi ya kupikia usitumike. Kipande cha tyubu ya tairi kisitumike hata kwa siku moja, maana petroli hukivimbisha na kukilainisha mpaka kiwe kama uji, na uji huo huziba kabureta. Ule mpira wa plastiki unaong'aa kama kioo, ambao vijana wa pikipiki huupenda, katika joto la injini hugeuka kuwa mgumu kama kijiti, ukavunjika.

Sehemu ndefu, kutoka tangi hadi mbele, iwe paipu ya chuma, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba nyekundu tupu hupendwa kwa kuwa hukunjika kwa mkono, lakini mtikisiko wa barabara zetu huifanya ngumu, mwisho hupata ufa. Mpira utumike pale tu ambapo injini hucheza na chasisi imetulia, tena uwe mfupi. Paipu ishikwe na vibanio kila hatua, ipite mbali na bomba la moshi, na ikipenya katika chuma iwekewe pete ya mpira isikatwe. Kumbukeni kwamba petroli huanza kuchemka karibu na nyuzi 35 tu za sentigredi. Paipu ikikaribia moto, petroli huwa mvuke ndani yake, gari huzima mlimani, na abiria huambiwa washuke wasukume.

Kati ya tangi na pampu ya injini ya kabureta, petroli hunyonywa. Hapo ufa haudondoshi kitu, huvuta hewa. Gari hukosa nguvu, fundi hufungua kabureta mara tatu, na dereva hulaumiwa kwamba hajui kubadili gia. Mara nyingi dawa ilikuwa kipande cha mpira cha urefu wa kiganja.

Sasa viungo. Mdomo wa paipu unaoingia katika mpira uwe na tuta dogo la kuzuia mpira usichomoke. Klipu iwe ya bendi laini yenye kingo zilizokunjwa. Ile yenye matundu huuma mpira ukikaza. Waya wa kufungia si klipu. Penye nati, mdomo wa paipu upanuliwe kwa chombo chake, na ule wa chuma ukunjwe mara mbili. Utepe mweupe wa mafundi wa maji hauna kazi hapo. Vipande vyake hukatika vikaenda kuziba njia. Tena angalieni vipimo. Land Rover za zamani za Kiingereza zina nati za inchi. Peugeot na Toyota zina za milimita. Paipu ya inchi 5/16 na ile ya milimita 8 hutofautiana chini ya unywele, mpira mmoja huweza kuzitosha zote mbili. Lakini meno ya nati zake hayapatani. Nati ngeni huingia mizunguko miwili, hukaza kwa uongo, kisha hulegea njiani.

Gari lililotiwa injekta lahitaji pia paipu ya kurudisha petroli tangini, na chujio la chuma badala ya lile la plastiki. Aliyeziba paipu ya kurudi kwa bolti ameongeza presha katika kila kiungo kilichobaki.

Hayo ndiyo ya ufundi. Lakini twajua kwamba fundi wengi wa jua kali wa Tala huyajua yote. Si ujinga unaoweka mpira mbaya, bali ni amri. Tajiri husema, "Funga hicho kwanza, mwisho wa mwezi tutaweka kizuri." Mwisho wa mwezi hufika mara 12 kwa mwaka. Fundi akikataa, kazi huenda kwa jirani. Dereva akikataa, kuna mwingine anayengoja kitini. Na gari likiharibika, wako matajiri wanaokata gharama katika mshahara wa dereva.

Ndugu madereva, sikilizeni. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara aliyoifanya mfanya kazi kwa kusudi. Mpira uliozeeka si kusudi la dereva. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa hana budi kuripoti, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Haki hizo ziko katika karatasi. Dereva mmoja akizisema peke yake hufukuzwa. Madereva 30 wa steji moja wakizisema pamoja, mpira hununuliwa siku hiyo hiyo.

Wako watakaosema kwamba gari hukaguliwa kila mwaka. Ni kweli, na ukaguzi ni kitu chema. Lakini mpira mbaya waweza kufungwa kesho yake, na mwaka una siku 364 nyingine.

Kwa hiyo twapendekeza:

1. Kila SACCO ya njia ya Tala na Kangundo inunue mpira wa kweli kwa roli nzima, kwa fedha ya pamoja, iwauzie wenye magari kwa bei ya kununulia.

2. Tarehe ya kufunga mpira iandikwe katika kitabu cha gari, na ukaguliwe kila mara oili inapobadilishwa. Uliopata nyufa, uliovimba au uliokauka uondolewe bila mabishano.

3. Kazi ya petroli ifanywe injini ikiwa baridi na waya wa betri umetolewa, na presha ya injekta itolewe kwanza. Uvujaji utafutwe kwa tochi, kamwe si kwa kibiriti.

4. Gari linalonuka petroli lisiondoke stejini. Abiria nao wana pua. Wanaonusa na kunyamaza wamekubali.

5. Wanachama wetu wa reli wenye ujuzi wa paipu watoe Jumamosi moja kwa mwezi, wakae na mafundi wa soko la Tala, wafundishane. Sisi tutajifunza kwao pia.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukuta hungoja; ufa wa mpira haungoji. Gharama ya mita mbili za mpira mzuri haiwezi kulinganishwa na bei ya gari, wala gari haliwezi kulinganishwa na mtu. Tajiri aliyeweza kununua injini kutoka Japani aweza kununua na mpira wake. Akisema hawezi, na aegeshe gari mpaka aweze.

Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu,
Wafanya Kazi wa Reli wakaao Tala