Swali la damu katika nyumba ntobhu

Mtu mzima akifika zahanati katika wilaya ya Tarime au ya Serengeti na uvimbe mgumu kwenye kope, wa kwanza kushukiwa ni chokea, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini upo uvimbe adimu wa tezi za mafuta za kope unaofanana na chokea sana. Hukandwa kwa maji ya moto, hupasuliwa, kisha hurudi palepale. Kwa baadhi ya wagonjwa huwa ni dalili ya sindromu ya Muir-Torre, iliyopewa majina ya madaktari walioieleza mwaka 1967 na 1968.

Hiyo ni sura mojawapo ya sindromu ya Lynch. Jeni zinazosahihisha makosa ya seli zinapojigawa, hasa MSH2, huwa na hitilafu tangu kuzaliwa, na mwenye hitilafu hiyo huishi na hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana na, kwa mwanamke, ya mfuko wa uzazi. Kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kuirithi.

Ndiyo maana daktari huuliza: kwenu nani aliugua saratani? Swali hilo lina nguvu. Mwaka 1895, huko Michigan, mshonaji nguo alimwambia Dkt. Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama jamaa zake. Warthin akaufuatilia ukoo huo na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Jeni ya MSH2 ilitambuliwa mwaka 1993.

Katika wilaya hizi mbili, hata hivyo, “kwenu” ni wapi? Kwa mila ya Wakurya ya nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine, naye huzaa na mwanamume ambaye mara nyingi hatajwi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui ndoa hiyo, lakini jamii inaitambua: watoto ni wa nyumba ile, kwa jina na urithi. Vinasaba vyao vimetoka kwingine. Bibi mwenye nyumba akifa kwa saratani ya utumbo, wajukuu wanaweza kuishi na hofu isiyowahusu. Baba aliyewazaa akiugua ugonjwa huohuo kijiji cha pili, hakuna atakayewaonya.

Wapo watakaosema tusichokonoe siri za watu kwa ajili ya ugonjwa adimu. Hoja ya siri naiheshimu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu tangu 2009, lakini mitaani neno “vinasaba” bado humaanisha ugomvi wa nani baba wa mtoto. Muuguzi akilitamka vibaya mbele ya mashemeji, anaweza kuivunja nyumba.

Hoja ya uadimu hainishawishi. Sidai maabara ya jeni iwekwe Mugumu, wilayani Serengeti. Wilaya ina mahitaji makubwa kuliko hayo. Nadai swali liulizwe vizuri, faraghani, kwa mama mzazi: “Mama, sihitaji jina la mtu. Upande wa uliyezaa naye mtoto huyu, unajua aliyeugua saratani ya utumbo au ya mfuko wa uzazi kabla ya miaka 50? Na upande wenu je?” Kwenye kadi uandikwe ugonjwa tu, jina lisiandikwe. Upande wa mama haufai kusahauliwa, kwani hitilafu hupita kwa mzazi yeyote, naye mama anajulikana bila ubishi.

Na uvimbe wa kope unaorudi palepale usitupwe baada ya kukatwa. Kinyama kipelekwe maabara, hata ikibidi hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Jibu likiwa ni uvimbe wa tezi za mafuta, mgonjwa aelezwe siku hiyohiyo kwamba damu kwenye choo, au damu ya ukeni baada ya ukomo wa hedhi, ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri. Mwenye sindromu ya Lynch akipimwa utumbo kwa kamera kila mwaka au miwili, vivimbe huonekana na kuondolewa kabla havijawa saratani.