Kuiga, Kunakili na Haki ya Mpiga Picha

Jumba la KICC katikati ya Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1973, hupigwa picha na kila mpitaji, wala hakuna awezaye kudai kuwa mandhari hiyo ni yake. Lakini tuseme mpiga picha wa Kangemi amechagua pembe yake, akangoja mvua ianuke, akaliacha jumba katika rangi na mji wote akaugeuza kijivu. Kisha mfanyabiashara wa Westlands, badala ya kuinunua picha hiyo, amlipe mwingine ujira mdogo aitengeneze upya. Je, ameiga au ameiba?

Wengi husema kwamba aliyetumia kamera yake mwenyewe hana kosa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 haisemi hivyo. Humlinda mwenye kazi dhidi ya kunakiliwa kwa kazi nzima au sehemu yake kubwa, hata katika umbo jingine linalotambulika kuwa limetokana na lile la asili. Haki hiyo haingoji usajili, na kwa picha hudumu miaka 50.

Mwaka wa 2012 mahakama moja ya London iliamua kesi ya aina hii. Kampuni ya chai, ikiijua picha ya basi jekundu kwenye Daraja la Westminster lililozungukwa na mandhari ya kijivu, iliunganisha picha nyingine ikapata sura iliyofanana nayo. Ilishindwa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, na wapo wanasheria walioukosoa wakihofu kwamba utageuza wazo kuwa mali ya mtu.

Hofu hiyo ina msingi, ila fasihi yetu inatuonyesha mpaka ulipo. Bahari za ushairi ni za wote, na malenga hujifunza kwa kuzifuata. Ubeti, hata hivyo, ni wa aliyeutunga. Vivyo hivyo jumba, anga na hata mbinu ya rangi moja ni vya wote; mpangilio mahsusi wa vyote hivyo ni wa aliyeupanga.

Basi mwalimu asimkataze mwanafunzi kuiga. Amwulize: umeona nini ambacho mwenzako hakukiona? Tena amkumbushe kwamba kumtaja mwenye kazi ni adabu njema, lakini si ruhusa. Asiyejifunza tofauti hiyo darasani atakula jasho la mwenzake, akidhani ni ujanja wa biashara.